Eldorado ya 1976 na wenzake: bei ya gari la paa la kukunja imefichwa wapi?

Ukifuatilia matangazo ya magari ya zamani huko Marekani, haipiti wiki bila kukutana na Cadillac Eldorado ya mwaka 1976. Paa limekunjwa, viti vya ngozi vinang'aa, na muuzaji amebandika bei inayokaribia ya nyumba ndogo kijijini. Maelezo hayabadiliki sana: hili ni gari la mwisho la aina yake, injini ni kubwa kuliko zote, limetembea maili chache. Mambo yote matatu yanaweza kuwa kweli na bado yasikusaidie hata kidogo kujua kama unatazama gari au unatazama hasara. Thamani ya gari la paa la kukunja la miaka ya 70 imekaa mahali ambapo muuzaji huwa hapigi picha: chini ya zulia, nyuma ya kiti cha abiria, na kwenye kibao kidogo cha namba kilichopo kwenye dashibodi.

Tuanze na hilo la "mwisho", maana ndilo linalopandisha bei kuliko yote.

Lilikuwa kweli kwa miaka sita hivi. Aprili 21, 1976, kwenye kiwanda cha Cadillac cha Clark Street mjini Detroit, Eldorado ya mwisho ya paa la kukunja ilishuka kwenye mstari wa uzalishaji mbele ya kamera. Kampuni ilikuwa imetangaza mapema kwamba baada ya hiyo hakuna nyingine, na Wamarekani wakaelewa kwamba si Cadillac tu, ni aina nzima ya gari inayoagwa. Uzalishaji ukapanda kutoka magari 8,950 mwaka 1975 hadi 14,000 mwaka 1976. Magari 200 ya mwishoni yalitolewa yakiwa yanafanana yote, meupe, yenye mistari ya rangi nyekundu na buluu kwenye boneti, kwa sababu Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200. Bei ya kiwandani ilikuwa kama dola 11,000, lakini walanguzi walinunua na kuuza tena kwa faida kabla rangi haijazoea jua. Wengine hawakuendesha kabisa. Waliliingiza gari kwenye banda, wakalifunika, wakasubiri utajiri.

Utajiri haukuja. Chrysler walirudisha paa la kukunja kwenye LeBaron ya 1982, Ford wakafuata na Mustang ya 1983, na Cadillac wenyewe, bila haya, wakaleta Eldorado mpya ya paa la kukunja kwa mwaka 1984. Baadhi ya waliokuwa wameweka akiba magari yao ya 1976 walikwenda mahakamani wakidai wamedanganywa.

Kwa mnunuzi wa leo kisa hiki ni habari njema, kwa sharti kwamba anakifahamu. Gari lililotengenezwa 14,000, na ambalo maelfu ya watu walilitunza makusudi wakitegemea kuliuza, haliwezi kuwa adimu. Eldorado ya 1976 yenye maili chache si ajabu. Ni jambo la kawaida kuliko ilivyo kwa karibu gari lolote jingine la umri wake. Ukiona bei haikuridhishi, toka, litakuja jingine. Muuzaji anayekwambia "hutapata tena" anarudia maneno ya dalali wa mwaka 1976. Zaidi ya hapo, gari lililolala banda miaka 30 lina magonjwa yake: mipira ya milango imekauka, breki zimeng'ang'ana, petroli imegeuka gundi ndani ya kabureta na tangi. Maili chache maana yake ni kwamba gari halikutumika. Hazisemi kwamba ni zima.

Inafaa pia kujua kwa nini magari haya yalikufa, kwa sababu mpangilio wa vifo vyao ndio utakaokusaidia kumkamata mwongo. Katikati ya miaka ya 60 Wamarekani walikuwa wakinunua karibu nusu milioni ya magari ya paa la kukunja kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa ni makumi machache ya maelfu. Kiyoyozi kilikuwa kimeingia kwenye magari ya watu wa kawaida, na nani afungue paa joto la Texas wakati anaweza kufunga vioo na kupoa? Barabara kuu mpya ziliwazoesha watu kwenda kasi, na kwa kasi hiyo upepo ndani ya gari la wazi ni adha. Wezi nao walikuwa wanachana turubai kwa kisu. Juu ya hayo yote serikali ya shirikisho ikawa inaandaa kanuni ya usalama wa gari linapopinduka, na watengenezaji wakaona hakuna turubai litakalofaulu mtihani huo. Mwaka 1972, katika kesi ambayo Chrysler alikuwa miongoni mwa walalamikaji, mahakama ya rufani ilisema sheria haikukusudiwa kufuta aina nzima ya gari. Lakini hukumu ilikuta wahandisi wameshachora magari ya miaka iliyofuata bila toleo la paa la kukunja. General Motors, kampuni mama ya Cadillac, walipobuni upya magari yao ya ukubwa wa kati kwa mwaka 1973, hawakulitengenezea nafasi.

Kwa hiyo waliondoka mmoja mmoja. Chrysler walifunga mwaka 1971 na Dodge Challenger na Plymouth Barracuda. Ford waliacha LTD mwaka 1972, kisha Mustang na Mercury Cougar mwaka 1973. General Motors walivumilia hadi 1975 na magari makubwa ya familia, yaani Chevrolet Caprice, Buick LeSabre, Oldsmobile Delta 88 na Pontiac Grand Ville, pamoja na Corvette ya wazi, ambayo mwaka huo zilitoka 4,629 tu. Halafu Eldorado peke yake mwaka 1976.

Sasa mtu akikuletea Cadillac Coupe de Ville ya 1978 ya paa la kukunja, ujue halikutoka kiwandani hivyo. Lilikuwa na paa la chuma, likapelekwa kwenye karakana ya watu binafsi, likakatwa. Baadhi ya karakana hizo zilifanya kazi nzuri na kuimarisha sakafu. Nyingine zilichukua msumeno na matumaini. Gari la namna hiyo si haramu, na kama unalipenda basi linunue, ila lisiuzwe kwa bei ya lililotoka kiwandani likiwa wazi.

Kwa yale ya kabla ya 1977, namba ya chasisi inasema ukweli. Kibao chake kipo juu ya dashibodi upande wa dereva, kinasomeka kutoka nje kupitia kioo cha mbele. Utaratibu wa namba zenye tarakimu 17 ulianza na magari ya mwaka 1981, kwa hiyo usishtuke ukikuta namba fupi. Za General Motors za wakati huo zina tarakimu 13. Angalia nafasi ya tatu na ya nne. Kwenye magari ya General Motors ya 1972 hadi 1976, 67 ni alama ya paa la kukunja. Eldorado ya 1976 ya kweli inaanza na 6L67. Ikianza na 6L47, ilizaliwa na paa la chuma, hata iwe imepambwa namna gani. Kwa Mustang ya 1971 hadi 1973 unatafuta 03 katika nafasi hizo hizo, na kwa Barracuda na Challenger unatafuta 27. Ni kazi ya nusu dakika, na ni ajabu ni watu wangapi wametoa makumi ya maelfu ya dola bila kuifanya.

Umuhimu wa tarakimu hizo unaonekana vizuri kwenye ncha ya juu ya soko. Plymouth 'Cuda ya 1971, yaani Barracuda ya toleo la mbio, yenye injini kubwa ya Hemi na paa la kukunja zilitengenezwa 11 tu, na mojawapo ilipigwa mnada Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Barracuda ya kawaida ya mwaka huo huo, yenye injini ndogo, ni bati lile lile na viti vile vile, ila thamani yake ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Pengo kama hilo linazaa ughushi. Injini inabadilishwa, nembo zinabandikwa, na gari la kawaida linapanda cheo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 60 watengenezaji walikuwa wakigonga sehemu ya namba ya chasisi kwenye injini na giaboksi pia, hivyo ikiwa unaombwa bei ya gari adimu, lazima namba hizo zisomwe na mtu anayejua alama halali ya kiwandani inaonekanaje. Kwa Eldorado au Caprice ya wazi hatari hii ni ndogo, kwa sababu hakuna faida kubwa ya kughushi. Ni mojawapo ya sababu ninayapenda haya makubwa ya familia kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza.

Kuhusu injini, watu huchanganyikiwa na takwimu. Eldorado ya 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 400 kutoka kwenye injini ya inchi za ujazo 500, yaani lita 8.2. Mwaka 1971 ikasemwa 365. Mwaka 1972, 235. Kufika 1976, kwa injini ya ukubwa ule ule, 190. Mtu akisoma hivyo anadhani injini ilichoka. Sehemu kubwa ya anguko hilo ni namna ya kupima tu. Hadi 1971 watengenezaji walipima injini ikiwa mezani peke yake, bila mizigo inayoibeba ndani ya gari; kuanzia 1972 wakapima ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, pamoja na ekzosi halisi. Sehemu nyingine ni anguko la kweli: mgandamizo ndani ya silinda ulishushwa kutoka 10 kwa 1 hadi karibu 8.5 kwa 1 ili injini itumie petroli isiyo na risasi, kisha mwaka 1975 vikaja vifaa vya kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Ushushaji huo uliwaudhi wapenda mbio, na ndiyo maana magari ya 1970 na 1971 yana bei ya juu. Kwa mtu anayetaka kutembea polepole jioni ya kiangazi, ni faida. Injini za baadaye zinakubali petroli ya bei nafuu kabisa kituoni, zinafanya kazi bila kujikamua, na zinadumu. Zina udhaifu mmoja unaojulikana, nao haumo kwenye Cadillac peke yake: gia ya juu ya cheni ya kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) ilikuwa na meno ya nailoni, ili isipige kelele. Nailoni ya miaka 50 inavunjika, vipande vinaanguka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba pampu ya oili. Uliza kama imebadilishwa kuwa ya chuma, na kama hakuna risiti, chukulia haijabadilishwa. Mipira ya zamani ya petroli nayo haikutengenezwa kwa ajili ya petroli ya leo ya Marekani yenye ethanoli, hivyo hubadilishwa yote. Na kama Eldorado ya 1975 au 1976 ina mfumo wa kielektroniki wa kupulizia petroli, ambao ulikuwa wa kuchagua, pata fundi anayeufahamu kabla hujatoa pesa. Wengi waliung'oa wakarudisha kabureta.

Lakini haya yote yanatengenezeka. Injini ya V8 ya Kimarekani ni rahisi kufunguka, vipuri vyake vipo, na mafundi wake wapo kila mji. Gharama inajulikana kabla ya kazi kuanza. Ndiyo sababu sipotezi muda mwingi kusikiliza muungurumo. Kinachofilisi watu ni kutu, kwa kuwa kutu haina bei ya mwisho: unakata kipande kilichooza, unakuta kilichofuata nacho kimeoza.

Na gari la paa la kukunja linaoza kwa namna yake. Paa la chuma ni sehemu ya mifupa ya gari. Ukiliondoa, uzito wote unabebwa na sakafu, vizingiti vya milango na chasisi. Wakati huo huo turubai, hata likiwa jipya, linavujisha kidogo, na maji yanateremka mpaka kwenye sakafu hiyo hiyo, yanalowesha zulia na kukaa chini yake miezi. Gari linaozea pale pale linapotegemea nguvu. Eldorado na magari mengine makubwa ya General Motors yana chasisi ya pekee, na bodi imekalishwa juu yake kwa bushi za mpira. Mustang na Barracuda hazina chasisi ya namna hiyo. Sakafu na vizingiti ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo kutu ya kizingiti kwenye Caprice ni ubovu, na kwenye Mustang ni kuvunjika mgongo.

Huhitaji vifaa kuanza kuligundua hilo. Simama pembeni ya gari, paa likiwa wazi, utazame mwanya kati ya mlango na bati la nyuma yake. Uwe na upana mmoja toka juu hadi chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limebonyea katikati. Fungua mlango taratibu: mlango ukishuka kidogo unapoachia kitasa, inaweza kuwa ni bawaba tu zilizochoka, lakini ukikwaruza bati la nyuma, ni mwili wa gari. Kisha omba jeki. Inua upande mmoja wa nyuma na ufungue mlango tena. Gari zima halibadiliki. Gari lililooza mlango wake unakwama, na mara nyingi muuzaji atakumbuka ghafla kwamba ana miadi mahali.

Baada ya hapo ni kulala chini. Tazama chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo tope na chumvi hujikusanya. Gonga kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au kinatoboka. Ndani ya buti toa tairi la spea na uinue kapeti. Kwenye Mustang, mwaga maji pole pole chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya hewa, na uone kama miguu ya abiria inalowa. Bati la pale ni la tabaka mbili, na kulitengeneza ni kuchimbua nusu ya mbele ya gari. Tembea na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa: mahali isiposhika kuna pati ya kuzibia chini ya rangi. Corvette inawachanganya wengi kwa kuwa bodi yake ni ya plastiki ngumu na haipati kutu, ila ndani yake mna fremu ya chuma inayoshika kioo cha mbele na milango, na hiyo inaoza kimya kimya huku rangi nje ikimeremeta.

Mahali gari lilipoishi panasema mengi kuliko maili. Michigan, Ohio na New York humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Arizona na New Mexico ni kukavu, ila jua la huko linapasua dashibodi, linachoma viti na kukausha kila mpira. Nikiambiwa nichague kati ya gari la Detroit lenye viti vipya na gari la Phoenix lenye dashibodi iliyopasuka vipande vitatu, nachukua la Phoenix bila kuuliza mara mbili. Fundi wa viti atamaliza kazi na kukupa risiti. Fundi wa kutu atakupigia simu kila wiki.

Kuna vipande kwenye Cadillac za kuanzia 1974 vinavyotisha bila sababu. Kanuni za usalama zilitaka bampa ihimili kugongwa kwa kasi ya kilomita 8 hivi kwa saa, mbele kuanzia mwaka 1973 na nyuma mwaka 1974, hivyo bampa zikawekwa juu ya mikono inayorudi nyuma, na nafasi kati yake na bodi ikazibwa kwa plastiki laini. Plastiki hiyo yote imeshakufa. Inamomonyoka kama mkate mkavu hata kwenye gari ambalo halijawahi kutoka bandani. Mpya zinauzwa, hazihusiani na ajali, na ni nafasi nzuri ya kuomba upunguziwe.

Paa lenyewe linastahili muda wake. Kwenye magari ya zamani zaidi fremu ya paa ilikunjwa moja kwa moja kwenda nyuma, ikala nafasi ya mabega ya kiti cha nyuma. Kwa magari yake makubwa ya mwaka 1971, General Motors walibuni fremu inayojikunja kuelekea ndani, ikapungua upana inaposhuka, na kiti cha nyuma kikabaki kamili. Ni kazi ya akili sana na ndiyo inayowatesa wamiliki leo. Mota moja ya umeme nyuma ya kiti inazungusha kebo mbili, kila moja ikiendesha giaboksi ndogo ya upande wake. Pande zote mbili lazima zitembee sawasawa. Giaboksi moja ikila meno, upande mmoja unabaki nyuma, mwingine unaendelea kusukuma, na fremu inajipinda.

Hapo ndipo bei inapobadilika. Turubai jipya la gari lolote kati ya haya linanunulika na kushonwa na fundi mzoefu. Fremu ya aina hii haitengenezwi tena. Inatolewa kwenye gari lililokufa, na magari yaliyokufa yanazidi kupungua. Kwa hiyo omba paa lipandishwe na kushushwa mbele yako, mara mbili, injini ikiwa inawaka ili betri isisingiziwe, na pasiwe na mtu anayelisukuma kwa mkono. Muuzaji akisema "linahitaji kusaidiwa kidogo tu", mwambie akupe bei ya gari lenye paa bovu. Mustang inatumia pampu ya haidroliki na silinda mbili, mfumo wenye vipuri vingi. Tafuta alama za mafuta yaliyovuja nyuma ya kiti. Corvette inakunjwa kwa mikono, jambo la busara kabisa.

Nyaraka za Marekani zina mitego michache. Hati ya umiliki iwe na jina la anayekuuzia, na namba yake ilingane na kibao herufi kwa herufi. Kama jina ni la mtu mwingine "aliyenipa niuze", umeongea na dalali, hujamwona mwenye gari. Tazama kama hati ina alama ya deni la benki au ya gari lililofutwa na bima baada ya ajali au mafuriko. Usomaji wa maili usiuamini: kipimo cha wakati ule kina tarakimu tano za maili kamili, kwa hiyo kinarudi sifuri baada ya 99,999, na sheria ya shirikisho haimlazimishi muuzaji wa gari la umri huu kuthibitisha maili. Uchakavu wa pedali ya breki na mkono wa kiti cha dereva unasema zaidi. Bima ichukue ile ya magari ya zamani, ambamo thamani inakubaliwa mapema kwenye mkataba. Bima ya kawaida italihesabu kama gari kuukuu la miaka 50.

Msomaji aliyeko Nairobi anayewaza kulileta nyumbani ajue kwamba Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 kuingizwa kwa njia ya kawaida, na usukani wa kushoto ni kikwazo cha pili. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Kwa hiyo hili ni jambo la Waswahili walioko Marekani kwenyewe, au wale wa Ghuba, ambako usukani wa kushoto ndio wa kawaida na magari makubwa ya Kimarekani yana wapenzi wake wa siku nyingi. Sharjah ina hata makumbusho ya magari ya zamani.

Ushauri wangu kwa mwenye pesa za wastani ni aiache Eldorado kwanza akatazame Delta 88, LeSabre au Grand Ville ya 1975. Paa linajikunja kwa mfumo ule ule wa General Motors, gari linaendeshwa na magurudumu ya nyuma, hivyo chini yake ni rahisi kwa fundi yeyote, na hakuna anayekutoza ada ya kuwa "la mwisho". Eldorado inasukumwa na magurudumu ya mbele, mpango wa kuvutia na imara, ila boti zake za mpira mbele (vifuko vinavyokinga viungo vya ekseli) na breki za diski za nyuma za mwaka 1976 zinadai fundi mvumilivu. Yote mawili yatakula lita moja kila kilomita nne hivi. Na yote yana urefu wa karibu mita 5.7, kwa hiyo pima gereji kabla ya kupima gari.

Ukishalipa, usiliendeshe kwenda nyumbani kabla ya kusoma tairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna namba inayoishia na tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta zinaishia na tarakimu tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata zake bado ni ndefu na jeusi linang'aa. Ita gari la kubeba magari.